Ngoma Isiyotaka Kusikika

Badjanani, Moroni
Jumatatu, baada ya alasiri

Dada yangu Zubeda,

Kabla hujasoma, igeuze bahasha uitazame gundi. Nimeipaka mwenyewe, ile nyeusi ya kubandikia spika, nikaikandamiza kwa kidole gumba. Ukiona imebanduliwa, ujue Mzee Shee aliyekuletea, au mtu wa melini, ameshanisoma kabla yako. Simsingizii mzee wa watu. Lakini nilipomwomba aichukue alicheka bila sababu, na mtu anayecheka bila sababu mimi huwa simwelewi.

Kama haijaguswa, basi pokea salamu za ndugu yako. Hujambo? Goti linakusumbua bado unapopanda ngazi za hospitali? Na Mama, anakunywa dawa ya presha au anaificha chini ya mto na kukuambia kwamba ameshakunywa? Usimwamini, fukua mto. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio wenye mambo, na hayo ndiyo nataka kukuhadithia, kwa hiyo tafuta pa kukaa.

Redioni mmesikia kwamba wakubwa wa kisiwa cha Nzuani wamejitenga na hawaisikilizi serikali ya hapa Moroni. Meli zimezuiwa kwenda kule, mafuta hayafiki, simu zinakatika. Hapa mjini Mnzuani akipita kichochoroni watu wananyamaza mpaka apotee. Nami nafanya kazi na mmoja wao. Ni Humadi, fundi mwenzangu, mtu wa Mutsamudu, tunayegawana naye chumba cha karakana nyuma ya Msikiti wa Ijumaa wa zamani. Nimekaa naye meza moja miaka yote hii, na vita vilipoanza kunukia hata mimi nikaanza kumtazama anapozungumza na simu. Akipunguza sauti, naacha kulehemu nisikilize. Sikuwahi kusikia la maana, na hilo lilinitia shaka zaidi.

Sasa kuna hii ngoma. Humadi ana kaka yake Marseille, aliyekuja likizo na gemu ya televisheni ya kupiga ngoma akaiacha kwao Mutsamudu. Usifikirie ngoma ya ngozi. Ni visahani vinne vya plastiki vya rangi mbalimbali, vimefungwa kwenye stendi, na chini kuna kanyagio la mguu. Rangi zinateremka kwenye kioo cha televisheni, nawe unapiga kisahani cha rangi hiyo kwa wakati wake. Ndani ya kila kimoja kuna kijibati cha shaba chembamba ambacho kikitikisika kinapeleka habari kwenye waya. Muziki wote unatoka kwenye televisheni. Ngoma yenyewe, ikiwa peke yake, haina sauti ila tapu tapu ya fimbo.

Hii ililetwa kwetu imekufa vibaya. Risasi ya kulehemu kwenye waya mbili ilikuwa imeng'oka, ukipiga chekundu, cha bluu nacho kinaitika, kanyagio limevunjika katikati. Tena jirani wao mmoja alikuwa analalamika kwamba tapu tapu inampigia kichwani, kwa hiyo tuliombwa tuipunguze. Niliifanyia kazi kwa mapenzi, Dada. Nilitoa vijibati kwenye kengele za saa mbovu nikaweka mahali pa vilivyochoka. Nilikata soli za kandambili nikavikalisha visahani juu yake, kila kimoja kivyake, ili kimoja kisimtikise mwenzake. Juu nikavalisha mpira na sponji. Kanyagio nikaliwekea bati la sinia kuukuu. Nilipomaliza, ungeweza kuipiga karibu na mtoto aliyelala asigeuke.

Humadi akataka niipeleke mimi. Alisema yeye akienda, huku watasema amekwenda kujiunga na waasi, na kule watasema ametumwa na Moroni. Mimi, mtu wa Tanga, ni mgeni, sina ugomvi na mtu. Boti za faiba zilikuwa bado zinaiba njia kupitia kisiwa cha Mwali. Nikajiuliza, vita vinakuja, huyu anahangaikia gemu? Akanipa kofia yake nzuri ya kudarizi nivae. Akaniuliza kama kweli sina mke Tanga, akaniuliza tena siku ya pili kwa njia nyingine. Alipotoka kwenda kusali nilifungua visahani vyote nikatafuta alichoficha. Sikuona kitu ila soli zangu mwenyewe. Nikaenda, lakini roho ikiwa juu.

Mutsamudu nilishukia karibu na bandari na mzigo wangu begani, na askari wa kisiwa wakanisimamisha. Mkubwa wao, mtu wa makamo mwenye sauti ya upole, akaniuliza nimebeba nini. Lugha yao nimeshaizoea, lakini mtu akiogopa hurudi kwenye lugha ya mama yake. Nikamjibu kwa Kiswahili chetu:

"Ni ngoma nzima, bwana. Nimetoka kuitengeneza."

Akaamuru ifunguliwe. Akavihesabu visahani kwa kidole, akanitazama.

"Umesema ndzima. Hapa ziko nne."

Dada, kwa lugha ya watu wa Ngazija, kisiwa hiki cha Moroni, ndzima maana yake ni moja. Mimi nilitaka kusema kwamba ngoma imepona na imekamilika, yeye akasikia ngoma moja. Basi nikawa mwongo. Na hilo lilikuwa dogo, kwa sababu kule Nzuani, moja huitwa moja kama kwetu. Wanaosema ndzima ni watu wa Moroni, maadui zao. Kwa neno hilo hilo nikawa mwongo na mtu wa Moroni, na nilipojitetea kwamba mimi ni Mtanzania mambo yakawa mabaya zaidi, maana walikuwa wameshasikia kwamba askari wa Tanzania wanakuja kuwapiga.

Akapiga kisahani kwa kalamu. Kimya. Akapiga kwa ngumi. Kimya. Akatoa kisu akapasua sponji yangu, akaona waya na kijibati cha shaba. Nikamwambia iunganishwe na televisheni atasikia mwenyewe. Akaniuliza televisheni gani, mji mzima hauna umeme tangu mafuta yazuiwe. Kisha akauliza:

"Ngoma gani hii isiyotaka kusikika?"

Kila nilichokifanya kwa ufundi kikawa shahidi dhidi yangu. Wakanifungia kwenye chumba cha magunia, na nikasikia wakizungumzia kunipeleka kambini juu mlimani. Niliogopa, sikufichi. Nilihesabu watu wote walioweza kuwa wameniuza na kila nikirudia hesabu Humadi anakuwa wa kwanza.

Nilikuwa nimewatajia jina la mama yake Humadi, Bi Eshata, ndiye wa kupokea mzigo. Wakamwita. Akaja mwanamke mfupi aliyejitanda vazi lao la shiromani, ameongozana na binti yake Zaina. Bi Eshata alizaliwa Unguja akaletwa huku akiwa msichana, kwa hiyo Kiswahili chake kiko safi kuliko changu. Akamweleza yule mkubwa habari ya lile neno. Mkubwa akasema mtu yeyote anaweza kutunga maana ya neno. Akamuuliza, huyu ni nani kwako mpaka umtetee? Yule mama hakupepesa macho.

"Ni mkwe wangu."

Mkubwa akasema yeye anakaa mtaa huo huo na hakusikia harusi. Bi Eshata akamwambia hakuisikia kwa sababu ni leo.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na vumbi la magunia kwenye nyusi. Mkubwa akamgeukia Zaina amuulize yeye mwenyewe, maana mkubwa naye ni mwepesi wa kushuku kama mimi. Zaina ni mwanamke wa makamo yangu, fundi cherehani, aliwahi kuolewa akaachika. Hakunitazama usoni. Alikwenda kwenye ngoma, akaweka vidole kwenye chekundu na cha bluu, akaniuliza kwa lugha yao kama bado vinaitikiana. Nikamwambia nimevitenga. Akauliza kwa nini. Nikasema soli za kandambili. Akakanyaga kanyagio mara kadhaa, akasikiliza bati likirudi.

"Nimeridhika," akamwambia askari.

Mpaka leo sijui aliridhika na nini. Kumbe ngoma ilikuwa yake, yeye ndiye mpigaji wa nyumba ile, na mimi muda wote nilidhani natengenezea watoto.

Mkubwa akasema vizuri, aitwe kadhi, na yeye atakuwa shahidi ili ahakikishe. Baba yao alifariki zamani, kaka zake wote wawili wako mbali, kwa hiyo kadhi akasimama kuwa walii. Mahari Zaina akataka kazi ya mikono yangu kwenye ngoma ile, pamoja na kuishona sponji iliyopasuliwa. Kadhi akasema inajuzu. Nikaozwa alasiri ile nikiwa na shati la safari na kofia ya Humadi. Nilipoivua usiku nikaitazama sana, nikajua nilivalishwa kwa kusudi.

Nilikaa kwake siku chache. Kwao nyumba ni ya mwanamke, mume ndiye anayehamia. Nilimshona sponji, nikampangia visahani kwa urefu wa mikono yake, naye alikaa akavipiga bila umeme, bila televisheni, rangi akiziona kichwani tu. Nilikuwa nikimtazama vidole. Nilimuuliza siku moja kama alinionea huruma. Akasema watu wa huruma hawaulizi habari za kanyagio. Dada, nilimpenda, na ninakuambia wazi kwa sababu yeye sijamwambia bado.

Kisha mkubwa akaja na sharti lake. Mkwe au si mkwe, mgeni yeyote aondoke kabla hawajafunga pwani kabisa. Nikamwomba Zaina tuondoke wote. Akaniambia hawezi kumwacha mama yake na hawezi kuiacha nyumba, akitoka yeye nyumba inabaki ya nani? Akasema nitakapoweza kurudi, mlango ninaujua. Nikapanda boti mkono mtupu.

Humadi nilimkuta mezani analehemu. Nikamuuliza kama alipanga. Hakuinua kichwa.

"Mimi nilikutuma upeleke ngoma, shemeji."

Hilo neno la mwisho alilitamka kabla sijamwambia chochote. Labda habari zilimfikia kwa simu, labda alizijua kabla hata sijaondoka. Nimeacha kuchunguza, kwa sababu ikiwa alinitega, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nimetegwa nikapata.

Lakini sikia sasa kinachoninyima usingizi. Mwezi huu wa Maulidi askari wa nchi za Afrika wamejaa Moroni, na wetu wamo. Wanapita hapa kununua betri, wananiita kaka, mwingine ananiuliza kama pweza wa Tanga bado mtamu. Wiki iliyopita aliingia mmoja, mtu wa Korogwe kwa lafudhi yake, ameleta redio ndogo isiyoshika mawimbi. Nilifurahi kuongea naye mpaka nikajisahau. Nikamwambia mkifika Mutsamudu, kuna nyumba ya mlango wa kijani kichochoro cha pili kutoka bandarini, tafadhalini msiielekezee bunduki. Akaacha kutabasamu. Akaniuliza nani kaniambia kwamba wanakwenda Mutsamudu. Akaniuliza nimejuaje vichochoro vya kule, na mle ndani kuna nani. Nikasema mke wangu. Akaniuliza nimemwoa lini, nilipomjibu akanitazama kwa macho yale yale ya mkubwa wa bandarini, ila huyu ni mtu wa kwetu. Akaondoka akisema atarudi na kiongozi wake. Redio yake iko hapa mezani, inaimba, na hajaifuata.

Leo asubuhi Humadi alikuja mapema akafungua madirisha bila kunisalimu. Meli za askari hazipo bandarini. Tumeshinda tunapiga simu ya Bi Eshata kwa zamu, yeye kidogo, mimi kidogo. Haiiti hata mara moja. Hakuna tunayemshuku tena, tumekaa tu.

Nisalimie Mama na umbusu mkono kwa niaba yangu. Nisalimie shemeji yangu Hatibu, mumeo, na umwambie asiuze ile pikipiki kabla sijaiona. Salamu kwa Mjomba Saidi, na kwa Bi Mwana jirani aliyenilea ulipokuwa shuleni. Yule binti wa Mwalimu Shaabani uliyekuwa ukinisemea kwao, nitakie radhi kwa maneno mazuri unayoyajua wewe.

Ila Mama usimwambie kwanza kwamba nimeoa. Atafurahi, ataanza kuuliza habari za mkwewe kila siku. Ngoja nijue kama ningali na mke.

Ni mimi ndugu yako,
Mbaraka