Bi Mkubwa Hainuki Tena

Baba Salma,

Nimetoka eda juzi. Nimeoga, nimevaa, nimefungua mlango wa mbele, na wa kwanza kunitazama usoni alikuwa nani? Yeye. Gari lako. Limelala tumbo chini mbele ya nyumba, matairi yamemezwa na bodi, utadhani ndilo lililofiwa na mimi nimekuja kutoa pole.

Na kweli, mume wangu, eda tumekaa wawili. Mimi ndani, yeye nje ya dirisha langu. Hakuna aliyemgusa tangu ulipolazwa hospitali. Kila mwanamume aliyekuja kutoa pole, wa Newtown, wa Sutton Coldfield, wote, mdomo ulikuwa kwangu na jicho dirishani. "Mungu akupe subira, Mama Salma. Na gari je?" Na gari je! Hata matanga yangu nimegawana naye.

Ulimwita Bi Mkubwa ukidhani ni mzaha. Mimi nimetoka kwetu Mombasa kwa posa na mahari, nimeshuka ndege na hina mikononi, kumbe huku ughaibuni, hapa Great Barr, yuko aliyenitangulia. Siku ya kwanza ulinipeleka kwake: "Bi Mkubwa, huyu mwenzio." Nikacheka. Nilikuwa mgeni, ningefanya nini? Lakini moyoni, wallahi, sikucheka. Akilia kidogo tu huko chini, ulijua ni paipu gani. Mimi nilikohoa wiki nzima ukaniambia nitafune tangawizi. Mafuta yake ya kijani uliyafuta kwa fulana nzuri, zile nilizokununulia mimi. Jumapili mchana kutwa uko chini yake, miguu tu inaonekana, na nikikuita kula unajibu, "Nakuja, nakuja," kwa sauti ya mtu asiye na nia ya kuja.

Basi leo nimemwita Patrice, yule fundi wako Mkongo. Amelala chini, amemulika tochi, ametoka akitikisa kichwa. Amenieleza taratibu yale uliyokuwa ukinieleza nisisikilize: kwamba gari hili halina springi kama magari ya watu, linabebwa na mafuta na gesi ndani ya vile vyuma vya mviringo mfano wa machungwa. Sasa gesi imekwisha, paipu zimeliwa na chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa barafu, mafuta yote yamemwagika. "Njia iko mbili, Mama," akasema kwa Kiswahili chao. "Tutengeneze ile ya zamani, itatuchukua siku mingi, na pengine itapasuka tena. Ama tutoe yote, tumuwekee springi."

Salma nilipomuuliza alinijibu kwa Kizungu chake, macho kwenye simu: weka springi, Mama, au uza. Na mimi? Mimi roho iliruka kwa furaha, Mungu anisamehe. Springi! Nimshushe cheo. Awe gari kama magari, asijinyanyue tena kila akiwashwa, nyuma kwanza kama ngamia, na majirani wakimtolea macho. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema, weka.

Ndipo Patrice akaongeza, ili kunitia moyo: "Na springi ni muzuri, Mama. Unawasha, unaenda. Hakuna kungoja."

Hakuna kungoja.

Nimekaa kwenye kizingiti, Baba Salma. Kwa sababu nilikuona. Asubuhi, nje bado giza, umeshamwasha, halafu umerudi jikoni na koti lako la kazi. "Acha ainuke kwanza." Unachukua kikombe cha chai, si chako, changu. Unaegemea friji unanisimulia ndoto zako za kipuuzi, na vituko vya msimamizi wenu kule ghalani. Siku moja ulinitengeneza mtandio kichwani ukaniambia nimependeza, mimi na uso wangu wa usingizi. Jioni ulikuwa unarudi umechoka, unakula, unalala. Jumapili nimeshasema ulikuwa wapi. Maneno yetu yote ya mume na mke, ukiyakusanya, yalisemwa pale, yeye akijinyanyua polepole huko nje.

Kumbe zamu yangu alinipa yeye! Ungekuwa na gari la kuwasha na kuondoka, ungeondoka. Si nakujua? Na mimi miaka yote hiyo namchukia kwa kuchelewa kuamka.

Nimelia mpaka Patrice akaenda kusimama barabarani, maskini, akidhani nimeogopa gharama.

Usidhani nimempenda. Wivu uko palepale. Usukani wake uliushika kwa mikono miwili kila siku ya Mungu. Mimi hadharani ulinishika mkono mara moja, tena kwa sababu ya utelezi wa barafu. Lakini nimemwambia Patrice atengeneze. Paipu zote, machungwa yote, mafuta yake ya kijani. Yakipasuka, arudi atengeneze tena. Leseni ninayo, ingawa hukuniachia niendeshe hata mpaka dukani. Nitamwasha mwenyewe alfajiri, na akianza kujinyanyua nitarudi jikoni nikungojee pale penye friji. Najua huji. Nitakungoja vivyo hivyo, mpaka ainuke, halafu nitaenda kazini kwangu.

Nakuaga sasa. Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako, alitie nuru, akusamehe na mimi anisamehe. Nakuahidi hatakaa mtu kwenye kiti chako ila mimi, na hao wanaume wa dirishani wakija tena nitawafungia pazia. Na mahurulaini, kama umeshafika kwao, waambie wasikuzoee sana. Mwambie kila mmoja wao una mke, yuko njiani, ila anachelewa.

Safari hii ngoja wewe.

Mkeo,
Mama Salma