Sari Nyekundu ya Sandukuni

Jamalpur, 4 Novemba

Mama mpenzi,

Asalaam aleikum. Hujambo huko Amman? Hao mabosi wanakuacha ulale? Sisi wazima, bibi anakohoa kidogo tu na anagombana na bata kama kawaida.

Mama, habari! Si unajua mto ulikula shule yetu? Sasa wanawake wa mtaa wanashona kantha, blanketi zetu za sari kuukuu, zitapigwa mnada tarehe ishirini tupate mabati ya shule mpya. Na mimi natoa yangu! Ndiyo, mimi, niliyejifunza kwa kumchungulia jirani Kohinur akishona blanketi zake. Ndani nimeweka sari mbili kuukuu za bibi, juu nimetandika ile yako nyekundu ya sandukuni. Imepauka, imelainika kama siagi, kantha inataka hivyo hivyo! Nimeikata, na nyuzi za kushonea nimezichomoa kwenye pindo lake. Katikati nashona yungiyungi. Utaringa!

Binti yako, Shiuli

Amman, 6 Novemba

Shiuli,

Waaleikum salaam. Mimi mzima.

Umeikata? Hiyo sari sijaivaa hata mara moja. Niliinunua niivae siku nikirudi nyumbani. Kuuliza ulishindwa?

Mama yako

Jamalpur, 12 Novemba

Mama,

Salamu tena. U mzima? Nimekuandikia na kukuandikia kwenye simu, naona umesoma, hujibu. Basi nimeanza kufumua. Kohinur kacheka: "We mtoto, pindo ulishalichomoa nyuzi, utalirudisha kwa gundi?"

Lakini Mama, sari haijavaliwa, imelainikaje? Nikambana bibi. Kumbe kila baridi ukiandika "mwaka huu narudi," anaitoa, anaifua, anaianika, anaikunja. Halafu huji. Imechakaa kwa kukusubiri.

Niambie ukweli. Kama unakuja, nafumua yote, naiunga hata kwa viraka, na mnadani naenda mikono mitupu, wanicheke. Kama huji, nashona.

Binti yako

Amman, 15 Novemba

Mwanangu,

Hujambo? Bibi kikohozi kimepoa?

Shona. Mkataba niliuongeza tangu mwezi wa saba, nikakosa mdomo wa kukwambia. Hukukosea, sari ilikuwa tayari kuwa kantha. Yungiyungi anzia katikati, usivute sana uzi, kitambaa kitajikunja. Na mwambie bibi asinifulie tena kitu.

Mama yako

Jamalpur, 21 Novemba

Mama,

Asalaam aleikum. Umeamkaje? Kikohozi kimeisha, mdomo wa bibi ndio haujaisha.

Imeuzwa! Mkunga wa ng'ambo ya mto kaichukua ya kufunikia vichanga. Kohinur kaigeuza nyuma akague mishono, katafuta kosa weee, kakosa, kanuna!

Bibi alipangusa macho, eti vumbi. Leo asubuhi namkuta kisimani anafua sari yake ya Idi, ile ya bluu. Namuuliza ya nini. "Mama yako akija avae gunia?"

Nikamwambia Mama kasema usimfulie tena kitu.

Kaikamua, kaianika, wala hakugeuka. "Mwambie aje anizuie."

Binti yako, Shiuli