Vizibo vya Klachi

Baba Mwanahawa,

Salamu zangu zikikufika, alhamdulillahi. Zisipokufika, najua zimeishia mkononi mwa nani. Barua hii naiandika mwenyewe kwa herufi tulizofundishwa chuoni, maana kila mwandishi wa barua hapa mtaani Dunda ana mdomo. Bahasha nimeitia gundi mara mbili. Ukiikuta imefunguliwa, mwulize aliyekuletea.

Mwaka wa nne huu tangu uniache, na bado naiwaza ile pikipiki. Uliinunua kwa Mzungu mjenzi wa barabara aliyekuwa akirudi kwao. Ulisema dresa wa serikali hawezi kuzunguka vijijini na sanduku la dawa kichwani. Nilifurahi, wallahi. Majirani walipokuja kuitazama niliwapikia chai. Lakini miezi haikupita mingi ukaanza kuchelewa kurudi kutoka kazini Lugoba. Leo magharibi, kesho isha, umelowa jasho, mikono myeusi.

"Klachi inateleza, mke wangu," ukanambia. "Injini inanguruma lakini gurudumu halivuti. Vilima vyote nimepanda nikisukuma."

Klachi! Mimi nimezaliwa Bagamoyo, nimekulia Bagamoyo, na huyo klachi sijapata kumsikia. Wanaume husingizia kazi, husingizia mvua, husingizia misiba. Wangu mimi akasingizia chuma. Nilikagua viatu vyako, nilikagua mifuko, nilinusa shati lako kabla sijalifua. Nilikuta mafuta ya mashine tu, na hilo nalo likanitia shaka. Mtu asiyeacha dalili namna ile ana nini cha kuficha?

Ndipo nikakwambia, "Kama huyo klachi yupo, mfungue hapa uani, nimwone kwa macho yangu."

"Kwa nini nisiipeleke kwa fundi?"

"Fundi ni mwanamume. Atakufichia."

Ulicheka sana siku ile. Ukatandika mkeka mbovu uani, ukaifungua kweli. Nilikaa kwenye kibao changu cha mbuzi, nikaacha kukuna nazi, nikakutumbulia macho. Ukatoa sahani za chuma moja moja, zimetobolewa matundu pande zote, na kila tundu lina kipande cha kizibo, kama kile cha chupa. Vilikuwa vimelika na kuungua mpaka vimebaki kama maganda. Ukanieleza kwamba vizibo ndivyo vinavyoshikana na chuma ili gurudumu livute, na vikilika, sahani zinateleza. Nikakiri kwamba klachi ipo. Moyoni nikasema, haya, klachi ipo, lakini yapo na mengine. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Dukani vizibo vya klachi havikupatikana, si hapa wala Dar es Salaam. Ukanambia utapata njia. Hukunambia njia gani. Hapo ulikosea, Baba Mwanahawa. Hilo ndilo kosa lako moja katika jambo hili, nami nimelishikilia kwa meno yote niliyo nayo.

Ilikuwa siku ya tano ya Ramadhani, baada ya adhuhuri. Nilikwenda kwa jirani kuazima chungu, narudi nakuta harufu uani kwetu. Harufu ya mvinyo! Sijapata kuonja, Mungu shahidi, lakini udogoni nyumba yetu ilipakana na duka la Mgoa aliyeuza vinywaji, na harufu ile naijua. Nikaifuata mpaka jikoni. Nikakukuta umechuchumaa mbele ya meko, sufuria inachemka. Sufuria yangu ya uji wa futari! Ndani vinaelea vizibo vya chupa za mvinyo, na maji yamegeuka rangi ya damu.

"Ni vya klachi," ukasema. "Lazima vichemke vilainike ndiyo viingie kwenye matundu."

"Na klachi inakunywa mvinyo?"

"Nimepewa na mpishi wa yule Mgiriki wa shamba la mkonge. Sufuria nitakununulia nyingine. Nilijua nikikwambia vimetoka wapi utanuna."

Kununa! Nilitoka mbio na kanga moja, nikamleta kaka yangu Salum, na majirani wakaja bila kuitwa. Mbele yao wote nikasema mume wangu ni mlevi, tena analewa mchana wa Ramadhani, na chombo anachofichia ulevi wake ni sufuria ninayompikia futari.

Salum akakishika kizibo kimoja kwa ncha za vidole, akakitia kwenye tundu la sahani, akakisukuma. "Dada," akasema, "mbona kinaingia?"

"Kinaingia, sawa. Vizibo arobaini vimetoka kwenye chupa arobaini. Chupa arobaini kanywa nani?"

"Mgiriki," ukasema. "Mke wangu, nimefunga."

Nikaingia ndani nikautoa msahafu. Nikakutaka uape mbele ya shemeji yako na mbele ya watu. Uso wako ulivyobadilika nauona mpaka leo. Ukasema, "Nikiapa kwa hili, kesho utataka niape kwa jengine. Sitaapa maisha yangu yote." Kisha ukasema neno lile. Umeniacha, talaka moja.

Salum alikusihi. Mimi nikajiambia kwamba mwenye haki angeapa. Ukarudi mkekani ukamaliza kazi yako. Ukavipachika vizibo kimoja kimoja, ukavisugua kwa msasa mpaka vikawa sawa, ukafunga chuma chako. Magharibi haijaingia ulikuwa umeshaondoka. Hukufuturu kwangu.

Talaka moja ina njia ya kurudi, wote tunajua. Kabla eda haijaisha, neno lako moja tu, "nimekurejea," ningekuwa mkeo kama kwanza. Nikakaa eda yangu humo humo nyumbani mwako, nikingoja.

Baada ya Idi, mpishi wa Mgiriki akapita na kifurushi. "Mpe dresa, nimemkusanyia vingine. Siku ile alivipokea kwa leso. Alisema kafunga, hataki viguse mkono wake." Nikamwuliza ni nani kamtuma kunambia hayo. Maskini, alinitazama kama mgonjwa. Alipoondoka nikakaa chini pale pale mlangoni nikalia.

Kuanzia siku hiyo nikawa najifunza maneno. "Nisamehe, Baba Mwanahawa, nimekudhulumu." Nikiyasema nikitwanga, nikiyasema nikifua. Nikayajua kama Fatiha.

Zikabaki siku mbili eda iishe. Alasiri nikaisikia pikipiki, inapanda kichochoro kwa nguvu zake yenyewe. Ukapiga hodi nyumbani kwako kama mgeni. Kanzu mpya, imepigwa pasi. Kofia ya viua iliyotariziwa. Na udi, Baba Mwanahawa, udi ulitangulia kuingia kabla yako.

Ukasema, "Mama Mwanahawa, nimekuja na neno."

Nami nikafungua mdomo kusema maneno yangu, na mdomo ukasema, "Nani kakufukiza udi?"

Hukukasirika. Heri ungekasirika, ungenitukana, ungevunja kitu. Ulisema tu, "Haya, kwaheri." Sanduku lako la spana lilikuwa pale pale kando ya mlango. Ukalipita.

Salum aliponiuliza ulikuja kufanya nini, nilimjibu, "Kafuata spana zake." Mama naye nikamwambia hivyo. Mwishowe hata mimi nikaamini. Lakini spana hukuzichukua. Hukuzitazama hata. Mtu wa kushuku kama mimi, anayenusa mashati na kuhesabu vizibo, dalili hiyo moja nilikataa kuiona miaka minne.

Juma lililopita nimesikia unaoa huko Lugoba. Wanasema ni binti mpole. Wapole nawajua, lakini haya, nayameza. Sikuandikii nikuzuie. Naona uchungu, sikufichi, na usiku silali. Nimeandika ili yale maneno niliyojifunza yakufike hata kwa kuchelewa: nisamehe, nimekudhulumu. Mwanahawa hajambo, anakusalimu.

Oa kwa heri. Na siku utakapobisha hodi kwa mkeo huyo unanukia udi, Mungu ampe moyo wa kujua kwamba umejifukiza kwa ajili yake.

Aliyekuwa mkeo,
Mama Mwanahawa