Fito ya Shimo la Zablon

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Cephas Maranga. Umri: miaka 71, kwa hesabu ya mama yangu. Kazi: mkulima. Makao: karibu na Osiri, Nyatike.

Juzi niliandikisha maelezo hapa. Leo nimerudi mwenyewe kuyarekebisha.

Mnamo tarehe 12 Julai 2025, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilikutana na mwalimu Liz Adera wa Homa Bay. Alikuja kuangalia ndege, na mimi ndiye nilimwongoza. Kule juu kilimani ni nyasi tupu, hakuna mti wa kuzuia upepo, na baridi ilikuwa kali. Nilimwambia, "Madam, ndege wa hapa wananijua kwa jina. Wengine huniamkia." Akacheka. Akauliza, "Na mashimo ya dhahabu, mzee?" Nikamjibu, "Yote naijua. Hata ukinifunga macho."

Kabla ya hapo nilikuwa nimepitia shimo la Zablon Onchiri, ile aliacha mwezi jana juu ya maji kujaa ndani. Huku kwetu shimo ikiachwa, mwenyewe anasimamisha fito na kitambaa nyekundu. Hiyo fito ilikuwa imenyooka vizuri. Mtu wa kuongoza wageni bila fimbo anakaa kama amepotea. Nikaing'oa. Kitambaa nikaweka mfukoni. Nilisema moyoni nitarudisha tukishuka.

Mnamo saa mbili kasorobo, mbayuwayu wa bluu alipita chini chini juu ya nyasi. Madam alikuwa ametafuta huyo ndege miaka tatu. Nilimwonyesha na hiyo fito: "Huyo! Mfuate!" Akafuata, darubini ikiwa machoni. Hatua kama kumi. Halafu sikumwona.

Wachimbaji walimtoa kwenye shimo la Zablon saa nne, mguu imevunjika mahali mbili. Kule ndani alikuwa anaita, "Mzee, uko hapo?" Nilikuwa hapo. Nilikuwa nasukuma kitambaa chini zaidi mfukoni.

Afisa aliponiuliza, nilisema Zablon hakuweka alama. Mkamshika jioni.

Leo saa tatu nimekuta Jerusha, bibi ya Zablon, kwenye benchi hapo nje na chai ya kumpelekea. Akaniachia nafasi. "Keti, jaduong', mzee wetu, umetembea mbali." Akanishikia fito nikikaa. Hakujua ni ya bwanake. Nikaichukua, nikaingia humu ndani.

Zablon aliweka alama. Mimi ndiye niliing'oa. Fito ni hii, kitambaa ni hiki.

Haya ya leo ndiyo maelezo yangu. Yale ya juzi ilikuwa uongo, na ilikuwa yangu peke yangu.

Alama ya dole gumba: C. Maranga

Maandishi ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya, amekubali ni yake. Tarehe 14/7/2025, saa 4.20 asubuhi. Fito moja na kitambaa kimoja chekundu vimepokelewa kama vielelezo. Shahidi ameomba amwambie Jerusha yeye mwenyewe kabla ya Zablon kutolewa. Nimemruhusu. Ametoka bila fimbo, akishika ukuta.

Konstebo Hamud