Dole Nililoliweka Bila Kusomewa

Mjukuu wangu Gaudensi, mume wangu,

Shikamoo yako nimeikosa mwaka wa pili sasa. Marahaba naitoa mwenyewe hapa jikoni, kama kichaa. Usinianzie kwa hasira. Hasira ninazo za kutosha, na nyingi ni za kujigombeza mwenyewe.

Tangu unatambaa nilikuita mume wangu, kama bibi wote. Ukirudi likizo majirani wananiuliza, "Mumeo kaja?" Wakikuuliza utaoa lini, unanikumbatia: "Mke ninaye, huyu hapa. Hana meno lakini anasonga ugali wa ulezi." Wote wanaangua kicheko. Mimi nilikuona hucheki. Nilikuona, nikageukia sufuria yangu. Bibi gani huyo!

Ulipofungua ofisi yako ya uwakili mjini, nilikuja na debe la maharage, nimevaa kitenge cha kanisani. Nikamkuta mama mmoja wa Milepa amepiga magoti mlangoni, anakuamkia. Ukamwinua kwa mikono yako. "Mama, hapa kwangu tunakaa kwenye kiti." Kisha ukamsomea karatasi yake yote kwa Kifipa, ndipo ukamruhusu aweke dole gumba. Nilikugombeza njia nzima. Wakili gani anaokota watu sakafuni na suti mpya? Ukanijibu, "Bibi, asiyesomewa asiweke dole. Kazi yangu yote ni hiyo." Nilikugombeza, lakini kanisani niliringa mwezi mzima.

Halafu ikaja siku ile. Mtu mmoja alikamatwa kwa kupenda mwanamume mwenzake, na mawakili wenzako wakawa wanamcheka. Hakuna aliyetaka kumtetea. Ukasimama katikati yao: "Mimi ni kama yeye. Na mimi mtanikana?" Kufika jioni mji mzima unajua, na wateja wanakuja kuchukua mafaili yao. Mama wa Milepa hakuchukua lake. Alisema, "Huyo aliniinua. Nani mwingine aliwahi kuniinua?"

Mtu baki alisema hivyo. Mimi bibi yako nilifanya nini?

Kwenye kikao cha ukoo, Fausti, mwanangu wa kwanza, baba yako mkubwa, alileta karatasi aliyoiandika mwenyewe, na wino. "Mama, weka hapa." Jina langu najua kuliandika, darasa la tatu nililimaliza. Lakini nilitoa dole kama asiyejua kitu, maana sikutaka kuliona jina langu pale. Nilijidanganya kwamba dole halina mwenyewe.

Hukubishana na mtu. Uliniuliza tu, "Bibi, umesomewa?"

"Nimesomewa."

Uongo mtupu. Ukatoa leso, ukanishika mkono, ukafuta wino doleni taratibu mpaka kwenye kucha. Asubuhi ukapanda basi la Tunduma, uvuke mpaka. Basi liliposimama Laela ukanipigia simu. Niliiangalia ikilia mpaka ikanyamaza.

Nakala ya ile karatasi niliikunja chini ya godoro. Mwezi huu nimeipeleka kwa Prisca, wakili mwenzako uliyemwachia ofisi. Kumbe naye anawaketisha watu kwenye viti, naye anawasomea. Nikamwambia, "Nisomee na mimi." Akasoma. Imeandikwa wewe si mtu wa ukoo huu, na ukifa usizikwe kwenye makaburi yetu ya Izia karibu na babu yako. Usizikwe! Wewe niliyekufunga mgongoni nikipalilia! Nililia kwenye kiti chako, Prisca akaenda kufunga mlango.

Jumapili nikawaita wote. Nikamwambia Fausti, "Futa."

"Mama, umezeeka."

"Nimezeeka, sijafa. Pale pembeni mwa baba yako ni pangu, na ninampa mjukuu wangu. Mimi nifukieni hata shambani, kwenye matuta ya ulezi."

Fausti hajafuta. Sikufichi, maana wewe hukutuficha.

Jambo lako silielewi, na sijifanyi naelewa. Ila nimekulea, na uliyeinua watu wa watu huwezi kuwa uchafu. Kinachoniua ni kimoja. Sheria uliyoisomea kwa fedha ya maharage yangu ndiyo hiyo inayoweza kukufunga. Nakutaka hapa mlangoni, na mdomo wangu hauwezi kukwambia rudi. Mwenzako babu yako ninajua alipolala. Wewe sijui hata kama huko kuna baridi kama ya kwetu, wala nani anakukumbusha sweta.

Barua hii nimeiandika siku nne. Nimejisomea kwa sauti toka juu hadi chini kabla ya kuweka jina. Safari hii nimesomewa, mume wangu.

Piga tena. Hata likiwa neno moja. Nitapokea.

Mke wako asiye na meno,
bibi yako, Sesilia