Kumtafuta Dena Dukani kwa Hilal

Shela, Malindi,
Jumatano, 14 Mei 2025.

Mpendwa mwanangu Raiya,

Kosa wanalolifanya watu wengi wakiingia duka la kanda ni kutaja jina la mwimbaji. Mimi, niliyefundisha miaka thelathini na minne, nimelifanya kosa hilo miaka miwili mizima. Lakini naona furaha imeitangulia salamu, na sivyo tulivyolelewa. Assalamu alaikum. U hali gani huko Maskati? Na mamako, Bi Radhia, magoti yamepoa? Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Mvua zimekuja kwa wingi, mto Sabaki umefurika, na bahari yetu imegeuka rangi ya chai ya maziwa hadi upeo wa macho.

Ulipoandika mwaka juzi kwamba umetafuta katika simu mpaka ukachoka, wala hukumpata babako akiimba, niliiweka barua yako chini ya mto. Alifariki ukiwa na miezi minane. Wewe huna kosa la kutomkumbuka, na mimi ndugu yake sikuwa na udhuru wa kukaa kitako.

Duka la Hilal liko nyuma ya soko, ndilo la mwisho nilijualo mjini lenye kanda na santuri. Jua la alasiri huingia mlangoni likafika rafu ya pili tu. Zilizobaki ziko katika giza jepesi lenye harufu ya karafuu, maana Hilal huweka karafuu ndani ya maboksi ya kanda kufukuza wadudu. Kila mara nilisimama mlangoni nikauliza kama ana kanda ya babako, Dena Mwaro. Kila mara akajibu hana. Nikarudi nyumbani.

Baada ya Idi nilikwenda nikanyamaza.

"Leo humtafuti mtu, Mwalimu?"

"Leo natafuta kivuli."

"Kivuli siuzi. Keti."

Nikaketi juu ya kreti ya soda, nikaanza kuzitoa kanda moja moja. Hapo ndipo nilipoona. Katika vikaratasi vyote hapakuwa na jina la mwimbaji hata mmoja. Palikuwa na nyumba: Kwa Sanga, Gede. Kwa Bi Hidaya, Mambrui. Kwa Lewa, Takaungu. Nikamuuliza Hilal sababu, akanitazama kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Harusi ni ya mwenye nyumba, Mwalimu. Mpiga udi ni mgeni tu, kama wewe uliyefuata biriani."

Nikueleze. Zamani Hilal alikuwa akiibeba mashine yake mpaka harusini, anarekodi tangu mwanzo hadi mwisho, kisha jamaa wa bibi harusi wanakuja dukani kununua nakala. Nani angeuliza mwimbaji? Waliuliza harusi yao. Basi Dena yumo dukani siku zote, ila amelala katika nyumba za watu.

Tangu siku hiyo nakwenda kila alasiri, na sikufichi, nimenogewa. Simu hukupa ulichokiomba, tena upesi. Haikupi usichojua kukiomba. Pale kwa Hilal vidole vyangu vinapita juu ya nyumba ambazo paa zake zimekwisha anguka, na kila nyumba inafungua mlango. Nakutana na harusi niliyoila nikiwa kijana. Nakutana na mwandiko wa mtu ambaye sasa hawezi kushika kalamu. Ninashika kanda, ninaipima uzito mkononi, na kabla haijalia hata kidogo tayari nimeshafika mahali. Juzi niliisahau sala ya alasiri mpaka Hilal akaniamsha, na macho yangu yalikuwa wazi.

Katika ile ya kwa Sanga, Gede, mashine ilianza kwa mvumo kama mvua ya mbali. Watoto, sufuria, mtu anakohoa. Kisha udi, na mkono niliutambua kabla ya akili. Ukalia weee, mara ukakatika. Nikasikia, Raiya, kama yuko upande wa pili wa pazia:

"Ngojeni jamani, uzi umekatika."

Mwanamke aliye karibu naye akamjibu, "Haukukatika, umekukimbia. Hata mimi ningekuwa uzi wako ningekukimbia."

Watu wakacheka. Naye akasema, "Binti Hilali wewe, basi kimbia tuone utafika wapi."

Upande ule wa kanda ukaisha. Jina la babake mamako unalijua, ni Hilali mwingine, si huyu wa duka. Miezi mitatu baadaye walioana.

Dakika hiyo nimeirekodi na kukutumia jana. Lakini siku ile aliyeimba alikuwa mwingine; Dena alipiga udi tu. Ziko harusi alizoimba mwenyewe, nami sizijui, maana miaka ile nilikuwa nikifundisha Ganze na nilishuka mjini kwa likizo. Kanda zimepita mia sita. Mashine ya Hilal imezeeka, inatafuna kanda, haituruhusu zaidi ya mbili kwa siku. Na mwisho wa mwezi analirudisha duka kwa mwenye jengo, na maboksi yatakwenda kwenye banda la dadake, ambalo linavuja. Piga hesabu, utaona kwamba kwa kubahatisha hatumfikii.

Aliyekuwa akikaa kando yake harusi zote ni mamako. Najua yeye hamtaji babako. Miaka yote hii sikumuuliza, nikidhani namhifadhi. Tangu nisikie vile alivyokuwa akimchokoza, nimeanza kushuku kwamba pengine alikuwa akingoja aulizwe.

Shangazi yako Kanze anakusalimu sana, na Chengo, na Everlyne ambaye sasa ana watoto watatu wasiokaa kimya. Hilal naye kasema nimpe mamako salamu za mtu wa mashine, atajua. Mungu akupe afya, akulainishie riziki, na akukutanishe na kila sauti unayoitamani. Barua hii naipiga picha niitume kwa simu hiyo hiyo niliyoisengenya, kwa kuwa posta haitawahi.

Leo, mwekee mamako dakika ile aisikie, kisha uandike majina ya nyumba atakazozitaja.

Ami yako akukumbukaye kila alasiri,
Yaseen Mwaro