Ngozi Ambayo Hukuileta

Kwako Gervasi, uliyekuwa ukiniita Baba,

Niwie radhi kwa kimya changu cha muda mrefu. Tangu tumzike Elia nimejaribu mara kadhaa kukuandikia, nikaacha, kwa kuwa mwalimu kama mimi hapeleki maandishi yaliyojaa mistari ya kufuta. Sasa maandishi yamenyooka. Hasira ingalipo.

Unakumbuka ulivyofika kwetu Nkuhungu, hapa Dodoma, kijana wa waasi walioshindwa, kutoka ng'ambo ya ziwa, huna hata kandambili? Mama Elia alikupa chumba cha uani, ukalala kitanda kimoja na mwanangu hadi tuliponunua cha pili. Elia ndiye aliyekufundisha kula ugali kwa mlenda, mboga ile inayoteleza. Ulipojichafua kifua alikucheka: "Mtaikomboaje nchi, nawe tonge tu linakushinda?" Ulicheka kuliko sisi sote.

Unakumbuka pia safari yetu ya Kibakwe, kwa kaka yangu. Ulishangaa kusikia kwamba nusu ya ng'ombe waliokuwa zizini mwake hawakuwa wake. Alikuwa akiwalisha kwa niaba ya wengine. Alikueleza desturi yetu: maziwa ni ya mlishaji, samadi ni yake, lakini ng'ombe ni wa mwenyewe, na siku mwenyewe atakapomtaka, humwulizi sababu. Ng'ombe akifia mikononi mwako, hupeleki maneno matupu. Unapeleka ngozi, mwenyewe aikague, ajue kama ni ugonjwa, ni fisi au ni kisu chako. Ulisema hiyo ni sheria nzuri.

Baadaye ukaenda Ulaya kuwaombea waasi wenzako msaada. Nilikuonya sebuleni kwangu kwamba bunduki za kupewa ni ng'ombe wa watu. Ukanijibu kwa upole, "Baba, hawa wanatupenda. Wanataka haki tu."

Ukapata magari, makombora na hoteli ya kulala. Wakimbizi waliopita hapa walitusimulia yaliyofuata. Wanavijiji waliokuwa wakiwapa wapiganaji wako mihogo kwa hiari walianza kunyang'anywa na kuchapwa. Ulikuwa huwahitaji tena. Chakula chako kilitoka mbali.

Elia aliendesha lori la mahindi ya msaada kutoka Kibaigwa, akiwapelekea watu wa kwenu. Watu wako walilipiga kombora barabarani. Ulinipigia simu matanga yakiwa hayajaondolewa.

"Baba," ulisema, "barabara ile haikuwa mikononi mwangu. Wafadhili walitaka ifungwe, nikaifunga."

Nikakuuliza ni nani aliyetoa amri siku ile, na ni nani aliyefyatua. Ukasema pole. Nikauliza tena. Ukasema pole tena, simu ikakatika. Maneno matupu, Gervasi. Ngozi iko wapi?

Sasa wafadhili wako wamepatana na serikali ya kwenu na kuwachukua ng'ombe wao, pamoja na ndama wao. Umebaki na kamba mkononi. Umeomba hifadhi hapa Dodoma, na ukathubutu kunitaja mimi kuwa mdhamini wa tabia yako.

Maofisa wameniita Alhamisi. Nitavaa koti nililolivaa siku ya maziko. Nitawaeleza habari za mlenda na kitanda, kwa sababu ni kweli. Kisha nitawaeleza simu yako neno kwa neno, kwa sababu nayo ni kweli, na nitawaomba wakufungie mlango kama ulivyoifunga barabara ile. Kaka yangu anasema nikuache, Mungu ndiye mlipaji. Nimemjibu kwamba hata Mungu huita mashahidi.

Mama Elia hataki kusikia jina lako. Nilipomwuliza kama ana salamu, alisema huku akipepeta uwele wake, "Mwambie chumba chake nafugia kuku."

Usinipigie simu. Maofisa wakishaamua nitakuandikia mwenyewe, kwa mkono huuhuu, ili habari hiyo usiipate kwa mtu mwingine yeyote.

Ni mimi,
baba yake Elia